Anayemlisha Mbwa Ndiye Mwenyewe: Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Mtwara na Lindi

Kwa Waheshimiwa Madiwani, Wakurugenzi wa Halmashauri na Maafisa Mifugo wa mikoa ya Mtwara na Lindi,

Nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini. Nashona sare za shule, madera na nguo za harusi, na kwa miaka yote niliyokaa mtaani kwetu sijawahi kumwandikia kiongozi yeyote barua. Naandika leo kwa sababu ya swali moja nililoliuliza siku tatu mfululizo nikakosa wa kulijibu: huyu mbwa ni wa nani?

Mwanangu ana miaka minane. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, anatoka madrasa na wenzake, juzuu kifuani. Geti la nyumba moja mtaani kwetu likafunguliwa gari litoke, na mbwa akatoka pamoja na gari. Wenzake wakatimua mbio. Wangu akasimama palepale, maana mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kwamba ukikimbia mbwa anakufuata. Mbwa akamshika shavu la mguu wa kushoto, akamtikisa mara mbili, akamwachia. Dereva alipunguza mwendo, akatazama kwenye kioo, akaendelea na safari yake.

Aliletwa nyumbani amebebwa mgongoni na kijana wa bodaboda. Matundu yalikuwa manne: mawili madogo kama ya msumari, na mawili yaliyochanika kiasi cha kuingia ncha ya kidole changu. Damu haikuwa nyingi, na ndiyo maana majirani wengi walisema si kitu.

Jambo moja nalishukuru sana. Zamani nilimsikia bwana afya kwenye mkutano akisema mtu akiumwa na mbwa, kabla ya dawa, kabla ya bodaboda, kabla ya kilio, aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kirusi cha kichaa cha mbwa kimo ndani ya mate, na ganda lake ni la mafuta, kwa hiyo sabuni hulivunja. Basi nilimkalisha mwanangu kwenye ndoo iliyopinduliwa uani, nikachukua kipande cha sabuni ya mche. Bibi mmoja jirani yetu, ninayemheshimu kama mama yangu mzazi, akaja na udongo kwenye kisahani. Alikumbuka kwamba najisi ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nikamwambia, "Bibi, hiyo ya udongo ni ya vyombo. Kidonda tukioshe kwa sabuni." Hakukasirika. Alishika kata akawa ananimiminia maji huku mimi nasugua na kuangalia dakika kwenye simu. Jirani mwingine alileta mafuta ya taa kwenye kizibo cha chupa, tukamshukuru, tukayaweka kando. Dumu moja la lita ishirini liliisha, tukafungua la pili. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Dakika 15, waheshimiwa, ni nyingi sana mtoto akiwa anakuomba uache.

Baada ya hapo nikaenda kubisha lile geti.

Mwenye nyumba alitoka mwenyewe. Akanisikiliza kwa adabu, akautazama mguu wa mtoto, akasema, "Pole sana, mama. Lakini yule mbwa si wangu. Anakuja tu kula makombo hapa."

Bakuli la mbwa huyo, la bati, lipo chini ya mwembe ndani ya ukuta ule. Nililiona kwa macho yangu geti likiwa wazi. Usiku kucha anabweka ndani ya ukuta ule. Nje kuna kibao cha maandishi mekundu: HATARI! MBWA MKALI. Mwizi akija, mbwa ana mwenyewe. Mtoto akiumwa, mbwa hana mwenyewe.

Kesho yake nilikwenda kwenye ofisi inayohusika. Nikaulizwa nina ushahidi gani kwamba mbwa ni wa mtu yule, ana karatasi gani, nani aliyemwandikisha. Sikuwa na jibu, na aliyeniuliza hakuwa na daftari la kutazama. Siku ya tatu nikarudi getini na mzee mmoja wa mtaa tuzungumze kiungwana, na mbwa hayupo. Kijana wa kazi ndiye aliyeninong'oneza: alipakiwa usiku nyuma ya pikapu, miguu imefungwa, akaenda kutupwa njia ya Newala.

Simtaji mtu huyo jina wala mtaa wake. Sitafuti kumwaibisha. Ninalotaka mlione ni hasara iliyotokana na lile neno lake dogo, "si wangu."

Mbwa aliyeuma mtu, akifungwa mahali akapewa maji na chakula, huangaliwa kwa siku 10. Kama alikuwa na kirusi kwenye mate siku ile alipouma, ndani ya siku hizo ataonyesha ugonjwa au atakufa. Akifika siku ya 10 mzima, anakula na kubweka kama kawaida, mtoto hakupata kichaa kwake, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Chanjo ya mtu inaanza siku ileile bila kumsubiri mbwa, hilo halina mjadala. Lakini zile siku 10 ndizo zinazomrudishia mama usingizi. Mimi siku zangu 10 zilitupwa porini pamoja na mbwa.

Hivyo mwanangu alichomwa zote: siku ileile, siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Kituo cha kwanza tulichofika waliniambia chanjo imekwisha. Cha pili ipo, lakini ya kununua, shilingi 30,000 kwa sindano. Nilikuwa nimeshika pesa ya vitambaa vya sare za watu, ikaondoka. Za siku ya 14 na ya 28 huenda zisingehitajika kabisa kama mbwa angefungwa chini ya mwembe wake.

Pesa nimeshaisahau. Ambacho sijakisahau ni kungoja. Kichaa cha mbwa hukaa mwilini kimya, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu, na wakati mwingine hata mwaka, na dalili zikishaanza hakuna hospitali ya kukimbilia. Mgonjwa hutamani maji na koo lake huyakataa. Kwa miezi mitatu kila asubuhi nilikuwa nampa mwanangu kikombe cha maji na kusimama mbele yake nikitazama koo lake likimeza. Yeye alidhani napenda tu anywe maji.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio ya watafiti yaliyotolewa mwaka 2002 yalifika takriban vifo 1,500 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya watu hao walikufa vijijini, nyumbani, bila jina la ugonjwa kuandikwa popote. Na mnyama anayewaambukiza watu, karibu mara zote, ni mbwa. Mbwa wa mtu.

Sasa ombi langu. Nitalisema kwa sentensi moja kisha nilifafanue: katika sheria ndogo zenu, andikeni kwamba anayemlisha mbwa, au mwenye uwanja anaolala mbwa, ndiye mwenyewe, awe amemnunua, amemzalisha au "anakuja tu."

Mamlaka mnayo. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, Na. 7 kwa wilaya na Na. 8 kwa miji, zinawapa halmashauri nguvu ya kutunga sheria ndogo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 ipo, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamtambua mwenye mnyama kama mtu mwenye wajibu. Ila sheria zote hizi zinaanza na neno "mmiliki", na huku chini mtaani mmiliki ndiye anayeyeyuka. Tumalizieni hapo. Mtu anayeweka bakuli asikwepe mbwa.

Kila mtaa na kila kijiji kiwe na daftari la mbwa. Sizungumzii kompyuta. Daftari la kaunta linatosha: jina la mwenye nyumba, mbwa wangapi, dume au jike, rangi, alichanjwa tarehe gani. Mwenyekiti wa mtaa anazijua nyumba zake zote. Akipita na mjumbe mmoja kwa siku mbili tatu kazi imekwisha. Mbwa aliyechanjwa avishwe mkanda wa rangi shingoni, rangi moja kila mwaka, ili hata mtoto aone kwa mbali.

Na hapa nawasihi kwa mikono miwili: msianze na ada. Najua halmashauri inatafuta mapato. Lakini mkisema kila mbwa ni shilingi kadhaa kwa mwaka, siku mwandikishaji atakapopiga hodi kila mtu atasema lile neno nililoambiwa mimi getini. Mtapata daftari jeupe na mbwa walewale. Kuandikisha kuwe bure, chanjo ya mbwa iwe bure au karibu na bure, na uzito wa sheria uwekwe upande wa anayeficha. Aliyeandikisha na kuchanja, mbwa wake akiuma mtu, alipe matibabu, amfunge mbwa siku 10 chini ya macho ya afisa mifugo, mambo yaishe kwa amani. Aliyeficha alipe matibabu yote, nauli, na faini juu yake. Anayemtupa mbwa aliyeuma mtu, kama yule wa kwetu, faini yake iwe kubwa kuliko zote, kwa sababu amepeleka hatari kwa watoto wa kijiji kingine ambao hata hawajui wajihadhari na nini. Kusema ukweli kuwe nafuu kuliko kukana. Leo mtaani kwetu anayekana ndiye anayetoka salama.

Kuhusu mbwa wakali, nitasema kidogo tu. Wapo wanaotaka zipigwe marufuku aina za mbwa wa kizungu wanaoletwa kutoka Dar es Salaam kulinda majumba. Uingereza walijaribu njia ya kutaja aina za mbwa mwaka 1991, walipoandika aina nne kwenye sheria yao ya mbwa hatari, na zaidi ya miaka 30 baadaye wakalazimika kuongeza aina nyingine. Sisi huku, aliyemuuma mwanangu alikuwa mbwa koko wa kahawia, sikio moja limelala. Tazameni tabia na malezi, aina muiache. Mbwa aliyewahi kuuma, au aliyefukuza watu nje ya ukuta mara mbili na ikaandikwa kwenye daftari, huyo ndiye aitwe mkali, na mwenyewe apewe masharti: banda la kumfungia, geti la pili au mnyororo wakati gari linatoka, kifunika mdomo akitolewa nje.

Na saa. Kwetu mtu hufungulia mbwa usiku na kumfungia jua likishatoka, wakati adhana ya alfajiri inaadhiniwa kiza kikiwa bado. Wazee wanaokwenda kuswali, wavuvi wanaoteremka pwani, akina mama wa maandazi na vitumbua, wanafunzi wa darasa la saba wanaowahi masomo ya asubuhi, wote wanapita saa hiyo. Andikeni kwamba kufika saa kumi alfajiri mbwa awe ameshafungiwa. Halafu lisiwe la kumfunga mnyororo mfupi mchana kutwa juani. Mbwa wa namna hiyo akifunguliwa anauma chochote, na lawama si yake.

Nimekulia kwa mjomba, huko juu Makonde, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Ana mbwa watano. Msimu wa mihogo na njugu yeye hulala kwenye dungu shambani, na nguruwe pori wakija ni mbwa wale wanaowarudisha. Yeye ni Mwislamu, nguruwe hamli. Anachotaka ni mihogo yake ibaki ardhini mpaka atakapoihitaji. Mchana mbwa haohao wanafukuza ngedere kwenye mahindi. Na dini yetu, pamoja na yote tunayoyajua kuhusu mate ya mbwa, imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda shamba na wa mifugo. Kwa hiyo sheria itakayotungwa mjini ikimwona kila mwenye mbwa kuwa mkosaji itamwonea mjomba, na mjomba hataifuata.

Mjomba hapingi chanjo. Mwaka mmoja tangazo lilipita kwa kipaza sauti kwamba mbwa wapelekwe makao makuu ya kata, saa tatu asubuhi, siku moja tu. Ni mwendo wa saa nzima na zaidi. Mbwa wake hawajui kamba. Hawajafungwa tangu wazaliwe. Wajukuu wakawafunga kwa kamba za katani na vipande vya kanga, wawili wakang'oa kamba njiani wakarudi, watatu wakafika na kukuta mbwa wa vijiji vingine, wakapigana mpaka mtoto mmoja akaumwa palepale kwenye foleni ya chanjo. Vijibwa vitatu vya miezi miwili alivyovibeba kwenye kapu akaambiwa ni vidogo, avirudishe mwakani. Mwakani hawakuja.

Vijibwa huchanjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mbwa wote wachanjwe kwenye kampeni, hata wa chini ya miezi mitatu, kwa sababu mbwa wetu hawaishi miaka mingi na kila mwaka wanaozaliwa ni wengi. Kinachotakiwa ni kufikia mbwa 70 katika kila 100. Mkifika hapo, kirusi kinakosa njia ya kupita kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine. Mkichanja 30 na kupiga picha, mwaka ukigeuka mmerudi mlipokuwa.

Chanjo ifuate vitongoji, asubuhi mapema kabla watu hawajaenda shamba, au siku ya mapumziko watoto wakiwa nyumbani, kwani huku kwetu watoto ndio wanaoweza kuwashika mbwa. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na ni vizuri kuiadhimisha. Lakini kwa Mtwara na Lindi tarehe hiyo watu wameshaingia mikoroshoni. Mtu anayeokota korosho tangu alfajiri hawezi kupoteza siku nzima kwa ajili ya mbwa, hata kama anampenda. Waulizeni wanavijiji wenyewe ni wiki gani wana nafasi. Watawaambia.

Hili linawezekana, tena limeshawahi kufanyika hapahapa. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2015, wilaya zipatazo 28 za kusini-mashariki ya nchi yetu, zikiwemo zetu, na Pemba, zilikuwa kwenye mradi wa Shirika la Afya Duniani uliogharimiwa na mfuko wa Bill na Melinda Gates, kuchanja mbwa kwa wingi kuonyesha kwamba ugonjwa huu unaweza kuondolewa. Pemba ulitoweka, chanjo ilipolegalega ukarudi, chanjo iliporudishwa ukatoweka tena. Kwetu bara, watafiti waliofuatilia mikoa ya Lindi na Mtwara kati ya mwaka 2011 na 2019 walikuta jambo ambalo wazee wetu walishaliona: katika wanyama walioonekana kuwa na kichaa, zaidi ya 40 katika kila 100 walikuwa mbweha. Mbweha anaingia kijijini mchana hana woga, anamuuma mtu mlangoni kwake. Lakini walikuta pia kwamba mahali mbwa walipochanjwa vizuri, ugonjwa ulipungua hata kwa mbweha, kwani mbwa ndio wanaouendeleza. Fikirini sasa yule mbwa aliyeteremshwa usiku njia ya Newala. Kama alikuwa mgonjwa, aliwakuta mbweha. Kama hakuwa mgonjwa, mbweha wamemkuta yeye, hajachanjwa, hana pa kulala.

Linalobaki kwangu ni la sumu. Wakati nikiwa msichana, kwenye mji ambao sitautaja, tuliamka asubuhi tukakuta mbwa wamelala kando ya mtaro kama magunia, povu mdomoni, miguu imekakamaa. Usiku watu walikuwa wamepita wakitupa nyama zenye sumu, kupunguza mbwa wanaozurura. Kulikuwa na paka, kulikuwa na kunguru. Mbwa mmoja hakuwa amekufa bado, na sisi watoto tulisimama tukimtazama mpaka mzee mmoja akatufukuza twende shule. Miongoni mwa waliokufa alikuwepo mbwa wa mzee huyohuyo, ambaye alikuwa na cheti cha chanjo. Alitoka tu usiku kama mbwa wote. Masika yaliyofuata mji ulikuwa umejaa vijibwa vipya, hakuna hata kimoja kilichochanjwa. Waliuawa waliokuwa ngao, wakaja wasio na kinga. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba kuua mbwa ovyo hakusaidii kuondoa kichaa cha mbwa. Naomba sheria ndogo yenu iseme hivyo pia: mbwa mgonjwa au anayeshukiwa ashughulikiwe na mtaalamu wa mifugo, na nyama ya sumu isitupwe tena mitaani ambako watoto wanatambaa.

Na kuwe na mawasiliano kati ya zahanati na afisa mifugo. Muuguzi anayempokea mtoto aliyeumwa amwandikie au ampigie simu afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo, na afisa aende kumtafuta mbwa kabla pikapu haijawashwa. Mimi nilizunguka na kidonda cha mwanangu ofisi hadi ofisi, kila mmoja akiona kipande chake: huyu mguu, huyu mbwa, huyu mgogoro wa majirani. Ni tukio moja.

Fedha, najua mtaniuliza. Mwaka wenu wa bajeti unaanza tarehe 1 Julai. Dozi moja ya chanjo ya mbwa gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na sindano tano za mtu mmoja. Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa korosho kutoka kwenye mashamba yaleyale ambayo mbwa wa mjomba wanayalinda. Kutenga mstari mmoja wa chanjo ya mbwa, kila mwaka bila kuruka, pamoja na akiba ya chanjo ya binadamu kwenye vituo, haliwezi kuwa jambo la kutushinda.

Najua sheria ndogo haitungwi kwa siku moja. Rasimu hutangazwa, wananchi hutoa maoni na pingamizi, baraza linajadili na kupitisha, kisha inapelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kuidhinishwa na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Leteni rasimu kwenye mikutano yetu ya mitaa, isomwe kwa Kiswahili chepesi, ibandikwe pale tunapobandikiwa matangazo ya usafi na ya michango. Nitakuja kuisikiliza na nitaleta majirani. Hata yule mwenye geti nitamwalika. Nadhani na yeye angelala vizuri zaidi kama angekuwa na njia ya kusema "ni wangu" bila kuogopa.

Mguu umepona. Umebaki na makovu manne, moja limeinuka kidogo, analikwaruza akiwa anasoma. Siku hizi haipiti njia ile. Anazunguka kwa nyuma, kwenye mitaro, anachelewa madrasa kwa robo saa na ustadhi wake ameshajua sababu. Chini ya mwembe ule kuna mbwa mwingine sasa, mdogo, mweusi, anafungwa mchana. Bakuli ni lilelile. Sijui kama amechanjwa, na hakuna mahali pa kwenda kuuliza.

Naomba mnijibu kwa kutaja tarehe ya kikao mtakacholijadili hili.

Wenu katika ujenzi wa mji wetu,

Fundi cherehani na mama wa mtoto,
Mtwara